Posa Niliyopeleka kwa Kituruki

Nilipofika London nilijifunza Kituruki kabla ya Kiingereza. Wapemba wenzangu tuliofika nao wakati mmoja walikwenda Hayes, kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, na huko Kiingereza kiliwaingia, japo kilikuwa Kiingereza cha kupakia na kupakua. Mimi nilipelekwa na mtu mmoja Hackney, kwenye kiwanda cha nguo za kike kilichokuwa ghorofa ya juu ya jengo la matofali, nikapewa pasi ya mvuke na meza. Kiingereza kiliishia chini, kwenye mlango wa mtaani. Mwenye kiwanda alitoka Saiprasi. Wakataji vitambaa walitoka Saiprasi. Wanawake wa vyerehani, safu kwa safu, walikuwa Waturuki wa kisiwa hicho hicho, isipokuwa wachache waliokuja baadaye kutoka Uturuki yenyewe. Maagizo, matusi na maombolezo, vyote vilikuwa kwa Kituruki, na asiyekielewa aliunguza nguo.

Aliyenifundisha ni msimamizi wa vyerehani, mwanamke mfupi wa umri wa mama yangu, ambaye wote walimwita abla, yaani dada mkubwa. Hata mwenye kiwanda, aliyemzidi miaka, alimwita hivyo alipotaka kazi imalizike upesi. Mimi aliniita Arap. Kwa watu wa kijiji chake, kila mtu mweusi ni Arap. Siku moja nilimweleza kwamba mimi si Mwarabu, na kwamba kule nilikotoka neno hilo si la kuchezea, watu wamewahi kufa kwa kuitwa hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisukumia gauni jingine mezani.

"Haya, Arap," alisema. "Na wewe niite mimi Mwingereza, tuwe sawa."

Sikusoma sana skuli, lakini nina tabia ya kutoacha jambo katikati. Kila siku nilichukua maneno machache, nikayaandika kwenye vipande vya karatasi za kupimia mikato ya nguo vilivyotupwa chini na wakataji, nikayarudia ndani ya basi. Mengine niliyakuta ninayo tayari, kwa sababu lugha zetu zote mbili zilikopa Arabuni: saa, dunia, habari, subira, kahawa. Baadaye niliazima kitabu cha sarufi maktaba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kitabu na kiwanda havikubaliani. Nilimwonyesha abla. Alivaa miwani, akasoma sentensi mbili tatu kwa sauti, akakifunga.

"Hiki ni Kituruki cha watu wa televisheni," alisema. "Cha kwetu hakijaandikwa na mtu."

Alisema kweli. Kituruki chake kilitoka katika kijiji ambacho Waturuki na Wagiriki waliishi pamoja kabla ya kutenganishwa, na maneno yake ya lango, ya zeituni mbichi na ya mkate wa kuchoma yalikuwa ya Kigiriki. Alipouliza swali alipandisha sauti tu mwishoni, bila kuongeza neno la kuulizia kama kitabu kilivyotaka. Mimi jambo hilo lilinifaa, kwani sisi pia huuliza hivyo. Kwa hiyo nilichokipata ni lugha yake yeye hasa, pamoja na mwendo wake wa kuvuta maneno. Nilipokwenda kula kwenye mkahawa wa watu wa Uturuki na kuagiza chakula, mhudumu aliacha sahani zake akawaita wenzake jikoni waje wamsikie Mwafrika anayesema kama bibi kizee wa Saiprasi. Walicheka mpaka wakanipa chai ya bure.

Historia ya lugha hiyo London nimeisoma kidogo vitabuni na zaidi nimeisikia kwenye vyerehani. Walianza kuja kwa wingi wakati kisiwa chao bado kikitawaliwa na Waingereza. Wanaume waliingia mikahawani na viwandani, wanawake walishona. Kwa muda mrefu mtu aliweza kuishi kwa Kituruki kuanzia Camberwell mpaka Tottenham: duka, kinyozi, daktari, fundi wa meno, mtu wa kukuandikia barua ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Lugha ilikuwa na kazi. Haikuhitaji kulindwa na mtu, kama vile nyundo haihitaji kulindwa madhali kuna misumari.

Kisha wakaja watoto. Abla alikuwa na binti mmoja, na kama wazazi wengine wenye kujali alimpeleka skuli ya Jumamosi akajifunze lugha ya kwao. Mwalimu alikuwa ameletwa kutoka Uturuki. Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, abla hakumsema vibaya hata siku moja, lakini aliwaambia watoto kwamba wanayoyasikia nyumbani ni maneno ya shambani, yaliyovunjika, na wayaache. Binti alirudi nyumbani akamsahihisha mama yake mezani. Mama alifurahi, akadhani mtoto anapanda daraja. Baada ya muda mtoto aliona aibu kusema kama mama yake, na kama mwalimu wake hakuweza, basi akasema Kiingereza, ambacho hakuna aliyemcheka nacho. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika nyumba moja, na nimezijua nyumba nyingi ambazo zingeweza kusimulia hayo hayo. Mjukuu alipozaliwa alirithi majina ya vyakula, matusi mawili, na neno nene, yaani bibi.

Kazi nayo ikaondoka. Wenye maduka makubwa walipata nchi ambako gauni hushonwa kwa bei ndogo zaidi, na oda zikaanza kupungua msimu kwa msimu. Vyerehani viliuzwa kimoja kimoja. Siku ya mwisho tulikunywa kahawa juu ya meza yangu ya pasi, na abla akafagia sakafu ambayo hakuna mtu angeikanyaga tena. Jengo lile sasa ni nyumba za kupangisha zenye vibaraza vya vioo. Mimi nilipata kazi kwenye stoo ya hospitali moja kusini mwa mto, mimi na mke wangu tukahamia Thamesmead, na Kituruki changu kikabaki hakina kazi.

Nilikuwa nikimtembelea abla kwake Edmonton kila nilipopata nafasi. Sikuwa na mtu mwingine wa kusema naye lugha ile, na baada ya mumewe kufariki na majirani kuhamia Kent na Essex, yeye pia hakuwa na mtu mwingine. Wanawake wa kiwandani walikuwa wakizikwa mmoja baada ya mwingine. Aliwahi kuniambia kwamba akitaka kusikia kijiji chake humpigia simu Arap, na kwamba Mungu naye ana mizaha yake.

Miaka michache iliyopita mjukuu wake alipata mchumba. Kijana alikuwa wa asili hiyo hiyo ya Saiprasi, amezaliwa Croydon, na baba yake, fundi wa umeme, amezaliwa London vile vile. Vijana walishakubaliana, ukumbi walishautazama. Lakini abla, ambaye moyo wake ulikuwa mgonjwa na madaktari walishampunguzia matumaini, aliweka sharti. Alisema hatatoa neno lake mpaka mjukuu wake aombwe kama wanavyoombwa watoto wa watu, na mtu mzima, kwa lugha yao.

Sharti hilo lilikuwa na sababu, na niliijua. Dada yake aliposwa kijijini yeye akiwa mtoto, na kisa hicho alikuwa akikisimulia kwenye cherehani: wazee walivyoingia, walivyoulizana hali, kahawa ilivyoletwa, kisha mzee mmoja akakohoa na kusema kwamba kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kwa kauli ya Mtume wamekuja kumwombea kijana wao binti wa nyumba hii. Kisa kiliishia hapo kila mara, kwa sababu hapo ndipo mama yake alipomkuta nyuma ya mlango akamvuta sikio mpaka jikoni. Yeye mwenyewe aliombwa kwa maneno hayo hayo hapa London, kwenye chumba cha kupanga Camberwell, huku akichemsha kahawa upande wa pili wa pazia. Binti yake hakuombwa na mtu. Alileta mume nyumbani, wakaandikishwa, na miaka michache baadaye wakaachana kwa utaratibu ule ule wa kuandikishwa. Abla alikuwa mzee pekee aliyebaki katika ukoo. Alitaka, mara moja kabla ya kufa, yeye ndiye aulizwe na yeye ndiye ajibu.

Baba wa kijana hakuwa na mtu wa kumtuma. Wazazi wake walikuwa wameshakufa, na yeye Kituruki chake kilitosha kuagiza nyama choma. Alipendekeza amlete rafiki yake wa Istanbul, mtu mwenye ufasaha. Abla alikataa. Alisema hataki mjukuu wake aombwe na taarifa ya habari. Ndipo mjukuu alipokumbuka kwamba nene ana rafiki mmoja anayesema kama yeye.

Baba wa kijana alinipigia simu akiwa na haya nyingi. Nilikubali. Nilipomweleza mke wangu alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Mshenga wa Waturuki," alisema. "Kwenu Pemba hujawahi kutumwa kuposa hata mbuzi."

Binti yetu, aliyekuwa kwenye ngazi na simu yake, aliuliza kwa Kiingereza mshenga ni nini. Mama yake akamweleza kwa Kiswahili. Akashukuru kwa Kiingereza.

Nilijitayarisha kama ninavyojitayarisha kwa kila jambo. Nilirudia maneno ya kuombea hadi yakawa hayana kona. Nilitafuta namna ya kuanza, namna ya kumsifu kijana bila kumpandisha juu mno, namna ya kumtaja marehemu babu yake. Niliyasema nikitembea kandokando ya ziwa letu la Thamesmead, na watu wenye mbwa wakanipisha njia. Maneno yote niliyahakikisha. Wazo la kuhakikisha kitu kingine chochote halikunijia, na sidhani kama lingemjia mtu yeyote aliyekulia nilikokulia, kwa kuwa posa tunajua ilivyo.

Tulikwenda Jumapili alasiri, mimi, kijana, wazazi wake na shangazi zake wawili. Abla alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha amevaa gauni jeusi, bangili za dhahabu mkononi, na sinia ya dawa ambayo siku zote huwa mezani ilikuwa imeondolewa. Alikuwa amepaka hina kwenye nywele. Nilimuuliza hali kwa lugha yake, naye akanijibu kwa kirefu kuliko kawaida, kama mtu anayefungua vyumba ambavyo havikufunguliwa siku nyingi. Alinitania kwamba suti yangu imepigwa pasi na mtu asiyejua kazi. Nilicheka peke yangu. Wengine walitabasamu waliponiona nacheka.

Mjukuu alileta kahawa. Nilikohoa, nikasema. Nilimtaja marehemu, nikamtaja kijana, nikafika kwenye amri na kauli, na sauti yangu haikukatika. Nilipomaliza, abla alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kidogo. Shangazi mmoja alikuwa ameinua simu anapiga picha. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia friji jikoni.

Kwetu mshenga akishasema hangoji jibu. Kungoja ni kumkaba mtu. Wenye mtoto wana haki ya kuulizana, ya kumuuliza mtoto, ya kupeleka habari kwa wajomba, na hata kama wameshakubali moyoni siku hiyo hunyamaza, isije ikaonekana walikuwa wakimtafutia mtoto mahali pa kumtua. Kimya cha mwenye nyumba ni adabu, na adabu ya mshenga ni kukielewa. Nilimwona baba yangu mdogo akiifanya kazi hiyo mara nyingi. Akishasema, na kimya kikishaingia, huweka kikombe chini na kuomba ruhusa.

Niliweka kikombe chini nikaomba ruhusa.

Nilisimama. Baba wa kijana akasimama, na mkewe, na kijana, na shangazi wote wawili. Hakuna aliyesita. Abla alifumbua macho.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza kwa Kituruki.

Kwetu mwenye nyumba husema hivyo kila mgeni anapoinuka, hata kama kitanda chake kimeshatandikwa. Nilijibu kwa heshima kwamba tumeshiba ukarimu, na kwamba Mungu akipenda tutarudi kusikia la kheri. Abla hakunitazama. Alikuwa anautazama mlango wa ukumbini, ambapo binti yake alikuwa ameshasimama na makoti yetu yote mkononi, anatabasamu, tayari kutuvisha.

Nje, baba wa kijana alinikumbatia kando ya gari lake. Alisema mwili ulimsisimka. Aliniuliza jibu litakuja lini, nikamwambia kwamba watatuita, huenda ikachukua wiki. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri," alisema. "Sikujua kwamba ndivyo tunavyofanya."

Nilikuwa kwenye treni, bado hatujafika mjini, mjukuu aliponipigia. Alikuwa anacheka, lakini si sana. Nene amekataa kula, alisema, na anauliza kama upande wa kijana umeghairi. Kwa nene, anayeomba mtoto kisha akainuka kabla ya kujibiwa amemkataa mtoto mbele ya watu, na ni heri asingekuja. Jibu hutolewa pale pale, kahawa ikiwa bado mdomoni. Nilimweleza ilivyo kwetu. Akacheka kweli kweli.

"Usijali," alisema kwa Kiingereza. "Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Sote tulidhani ndivyo ilivyo."

Nilirudi Edmonton wiki ile ile, peke yangu. Abla alifungua mlango mwenyewe, akaniita kwa jina langu la kweli, ambalo sikujua kama analijua. Nilimsalimu kwa lugha yake. Akanikaribisha kwa Kiingereza. Kiingereza chake ni cha hospitali na cha dukani, kifupi, kisicho na wakati uliopita, na sikuwahi kumsikia akikitumia na mimi.

Nilikaa nikamweleza kila kitu kwa Kituruki, kwa utaratibu, nilichokifanya na kwa nini nilikifanya. Nilimweleza habari za baba yangu mdogo. Nilimwambia kwamba kijana hakughairi, wala baba yake, na kwamba kosa ni la mshenga na mshenga ndiye amerudi. Alisikiliza. Sinia ya dawa ilikuwa imerudi mezani, na alikuwa akipanga vidonge vya siku kwenye kikopo chake huku nikisema.

"Wewe hujakosa," alisema mwishoni, kwa Kiingereza. "Wewe fanya kama watu wako. Mtu anayefanya kama watu wake, mimi nasema nini?"

Nikasema, kwa Kituruki, kwamba basi yamekwisha.

"Wewe simama," aliendelea, kana kwamba sikusema kitu. "Sawa. Lakini wao pia wanasimama. Wote. Baba yake anasimama, mama yake anasimama. Nani anakwenda kuleta makoti? Binti yangu. Watu wanakuja kwangu kumwomba mtoto, na binti yangu anawaletea makoti."

Nilichokielewa, na ambacho nimekifikiria sana tangu siku hiyo, ni kwamba yeye alijua tangu zamani kuwa watoto wake hawana maneno. Hilo alishalizika. Alichoamini ni kwamba, hata bila maneno, chini kabisa kuna kitu kinachojua wakati wa kukaa na wakati wa kuinuka, na kwamba yeye akiulizwa tu, mbele yao, kitafufuka. Chumba kizima cha watu wa kwao kilimfuata Mpemba mlangoni, na hakuna hata goti moja lililoona uzito.

Nilimwomba anipe jibu lake sasa. Nilimwambia nimekaa, siinuki, na kwamba kwetu au kwao mshenga hana pa kwenda mpaka alisikie. Nilijua analo. Nilikuwa nimeliona midomoni mwake siku ile likijipanga.

"Siku ile jibu ninalo," alisema. "Jibu la baba yangu. Refu. Zuri sana."

"Nipe mimi," nilisema kwa Kituruki. "Nitalichukua kama lilivyo."

Alifunga kikopo cha vidonge.

"Kwa ajili ya nani?" aliuliza. Kisha akasema: "Waambie yes. Mtoto anampenda. Yes."

Nilimpelekea baba wa kijana jibu hilo jioni ile kwa simu. Nilisikia nyumba nzima ikishangilia nyuma yake. Aliporudi kwenye simu alinishukuru tena na tena, kisha akaniuliza bibi amejibu vipi hasa, kwa Kituruki, maana mkewe angependa maneno yenyewe yachapishwe kwenye kadi za mwaliko, upande mmoja Kituruki, upande mmoja Kiingereza. Nilimwambia kwamba alijibu kwa Kiingereza. Alidhani sikumwelewa. Nilimwambia tena, na nikamwambia neno lenyewe.

Nilisikia akimnong'oneza mkewe.

"Basi tutungie wewe," alisema. "Wewe si unajua."

Nilimjibu kwamba mshenga hubeba jibu, halitungi. Alisema anaelewa, na nadhani alielewa. Maneno waliyapata kwenye mtandao. Kadi ilipofika Thamesmead niliisoma nikiwa nimesimama: ilikuwa sentensi nzuri ya Uturuki, haina kosa hata moja, ya aina ambayo abla asingeweza kuisema.

Alihudhuria harusi kwenye kiti cha magurudumu, ukumbi wa hoteli moja Croydon, karibu na njia ya tramu. Yupo bado, madaktari walikosea. Ninakwenda Edmonton kama zamani, na ninamsalimu kwa Kituruki, kwa kuwa sijui kumsalimu vinginevyo. Ananijibu kwa Kiingereza kwamba hajambo, kwamba baridi imezidi, kwamba nikae. Tunazungumza hivyo, mimi kwa lugha yake na yeye kwa lugha ya kaunsili, na kila nikienda naona maneno mengine yameniponyoka, nayatafuta kinywani hayapo. Namwuliza yeye. Ananitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza njia ya mtaa uliobomolewa, na ananipa neno la Kiingereza.